Manesi wa majumbani hapa Mtwara na mpango wao wa siku za kimbunga na mafuriko, maoni yangu

Habari za leo wadau. Naandika kwa yeyote mwenye mgonjwa wa kitandani nyumbani, hasa sisi wa huku kusini, Mtwara na Lindi, maana kuna jambo watu hatuliulizi kabisa tukitafuta nesi wa kuja nyumbani. Tunauliza bei, tunauliza anakuja mara ngapi kwa wiki, wajanja wanauliza na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, yote maswali ya maana sana, lakini hakuna anaeuliza siku barabara imejaa maji au umeme umekata tangu jana au TMA, wale wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wametangaza kimbunga kinakuja, mgonjwa wangu anabaki na nani na dawa yake anapewaje. Huduma ninayoizungumzia hapa nimeipa alama kwa hilo, mengine nitayapitia haraka haraka.

Jina lao siweki. Ni manesi wachache, wengine wamestaafu serikalini, wanazungukia Mtwara mjini mpaka Mikindani na Naliendele, na Lindi wanaenda kwa makubaliano. Ukiulizia kwa wauguzi wa mjini utawapata tu, sio watu wa kujificha.

Mgonjwa wangu ni baba. Kiharusi kimemchukua upande wa kulia, kisukari anacho cha muda mrefu na anachoma insulini asubuhi na jioni, halafu ana mpira wa mkojo. Anaongea ila taratibu, akili iko timamu kabisa na hilo nalisema mapema kwasababu litakuja huko chini. Kwaiyo mnaona wenyewe mgonjwa kama huyu sio wa kusema leo nesi hajaja basi tutamsubiri wiki ijayo. Sindano ina saa yake, mkojo ukiziba hausubiri barabara ikauke, na asipogeuzwa kila baada ya masaa mawili mgongo unaanza kuchubuka.

Kabla ya hawa tulikuwa na huduma nyingine, nayo siitaji. Siku za kawaida walikuwa wazuri tu, wapole, wasafi. Ikaja ile wiki ya mwanzo wa Mei 2024, kimbunga Hidaya, TMA wanatoa taarifa tangu katikati ya wiki, tarehe 4 kikaingia huko Mafia na mvua na upepo vikatupiga ukanda wote wa pwani ya kusini. Nesi wetu hakuja, simu haipatikani, hakuna aliyetuma hata meseji moja kusema tumekwama fanyeni hivi na hivi. Kosa la mvua silo hilo, mvua ni ya Mungu. Lakini taarifa ilikuwepo siku kadhaa kabla, redioni ipo, kwenye magrupu ipo, na mtu mwenye wagonjwa wa kitandani kwenye daftari lake hakukaa akajiuliza nani kati ya hawa atapata shida mimi nikishindwa kutoka nyumbani kwangu. Alivyorudi maji yamekauka akaendelea kama kawaida, pole na mvua mama, basi. Nikasema hapana, kwa baba yangu hapana.

Na msiniambie vimbunga ni vya Msumbiji. Wazee wa Lindi wanakisimulia mpaka leo kile cha mwaka 1952, kiliingia hukuhuku kwetu na kikaua watu. Kenneth Aprili 2019 ilikuwa tunaambiwa tuhame maeneo ya ufukweni, ikapinda ikaenda kupiga Cabo Delgado tarehe 25, hapo ni ng'ambo tu ya Ruvuma, waliopigwa ni watu tunaozikana nao. Jobo 2021 ikafifia kabla ya kufika. Hidaya ikafika. Na hata kimbunga kisipokugusa wewe mwenyewe kinagusa barabara, ile ya Dar ikikatika kule Somanga kama ilivyokatika kipindi cha Hidaya ujue magari ya mizigo yamelala njiani na ndani yake kuna dawa, kuna glovu, kuna vipimo vya sukari, na njia inayobaki ni kuzunguka Songea na Tunduru mpaka Masasi. Mgonjwa wa nyumbani anaishi kwa vitu vinavyokuja na hiyo barabara.

Haya sasa hawa wapya. Siku ya kwanza alikuja mama mtu mzima, nesi mstaafu, akamsalimia baba "shikamoo kaka", akakaa nae kwanza akaongea nae, akapima presha na sukari, akaangalia mgongo na visigino. Mpaka hapo kawaida. Halafu akasimama akaanza kuizunguka nyumba. Akatazama paa, akauliza upepo mkali huwa unatokea upande gani, akaangalia bati la juu ya kitanda cha baba limepigwa misumari vipi. Akapima mlango wa chumbani kwa shibiri kama kiti cha magurudumu kinapita. Akauliza maji ya mvua yakija yanaingilia wapi, nikamuonyesha mlango wa uani, akainama akaangalia soketi ya ukutani iko juu kiasi gani kutoka chini. Akauliza friji linategemea umeme tu au kuna sola. Ndipo akakaa akanigeukia, "Mwanangu, mimi nisipofika kesho na kesho kutwa, saa moja asubuhi wewe utafanya nini?"

Nikaanza kusema nitapiga simu. Akasema simu haipo, mtandao umeondoka, nijibu tena.

Kazi yao yote imejengwa juu ya hilo swali na ndio maana nawakubali. Hawakuambii "usijali tutakuja", wanakuambia kuna siku hatutakuja, sasa tujiandae wote mimi na wewe. Kwa siku za mwanzo alikuwa hachomi sindano yeye, ananiangalia mimi nachoma na mdogo wangu anachoma, anarekebisha, mpaka akaridhika. Kuna ndugu waliona kama anatukwepa kazi, tunamlipa halafu tunafanya sisi. Mimi nasema hiyo ndio kazi yenyewe niliyomlipia.

Kila mgonjwa wanampanga kwenye kundi. Kundi la kwanza ni wale ambao umeme ukikata au mtu asipofika siku hiyohiyo maisha yako hatarini, kama wa mashine ya oksijeni. La pili ni wa kufikiwa ndani ya siku moja au mbili, insulini, vidonda vikubwa, wanaolishwa kwa mpira. La tatu wanaweza kusubiri siku kadhaa wakiangaliwa kwa simu. Baba yuko la pili, na wakatuandikia kabisa kwamba mpira ukiziba anapanda la kwanza papo hapo. Dalili zake tumebandikiwa ukutani: mkojo hautoki masaa manne na amekunywa maji, tumbo la chini limejaa na linauma, mkojo unavujia pembeni ya mpira, homa na kutetemeka. Ukiona moja hapo usisubiri nesi, mpeleke hospitali.

Halafu kuna karatasi ya mgonjwa. Ukurasa mmoja tu, magonjwa yake, dawa zote na dozi, anachodhurika nacho, mpira ulibadilishwa lini na ni saizi gani, ndugu wa kupigiwa. Nakala moja iko ndani ya mfuko wa nailoni umefungwa, umening'inizwa mlangoni pamoja na begi, nakala nyingine iko kwa shangazi yetu anaekaa mtaa wa juu ambao maji hayafiki. Ndani ya begi kuna dawa za wiki mbili, na hizi haziwekwi zikasahaulika, kila tukinunua mpya zinaingia begini na za begini zinatoka kutumika ili zisije kuisha muda. Kuna glovu, bendeji, mpira wa akiba na mfuko wa mkojo wa akiba, stripi za sukari, betri za kipimo, tochi, pawabanki, chumvichumvi za ORS, dawa ya kutibu maji, sukari ya mezani, na pesa taslimu kidogo, maana mtandao ukiondoka M-Pesa nayo imeondoka. Mnakumbuka ile tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilivyokufa karibu nchi nzima baada ya nyaya za baharini kukatika, wiki moja tu tangu Hidaya, mtu wa WhatsApp peke yake siku ile alikuwa kiziwi. Hawa manesi wanatuma meseji za kawaida na namba tumeandika kwenye daftari.

Insulini niiongelee kwa kirefu maana hapa wengi wanaumia. Tulikuwa tunaamini umeme ukikata friji ikapoteza ubaridi basi dawa imeharibika, watu wanatupa insulini ya hela nyingi au wanaibana kwenye barafu. Mama nesi akatufafanulia: kichupa ambacho hakijafunguliwa ndio mahali pake ni friji, nyuzi 2 mpaka 8, lakini kile unachokitumia insulini nyingi zinakubali kukaa nje karibu wiki nne ilimradi joto lisipite nyuzi 25 au 30, inategemea aina, soma karatasi iliyomo ndani ya boksi. Ikigandishwa na barafu ndio imekufa kabisa, hata ikiyeyuka usiichome. Tatizo letu Mtwara ni ule mwezi wa kwanza mpaka wa tatu joto linapanda kupita hapo, kwaiyo akatuambia tutafute mitungi miwili ya udongo, mdogo ndani ya mkubwa, katikati mchanga unaolowanishwa asubuhi na jioni, kichupa ndani ya kikopo kikavu cha plastiki, juu kitambaa kibichi, na iwe kivulini penye upepo. Alisema wazi kwamba pwani hewa yetu ina unyevu mwingi kwaiyo mtungi haupoi kama wa watu wa bara, lakini unakata lile joto la mchana. Tunao mpaka leo upo kwenye kibaraza cha nyuma, na watoto wameonywa sio wa maji ya kunywa.

Kingine ambacho sikuwa nimekisikia popote ni kwamba siku za maafa hatari kubwa inaweza isiwe kukosa insulini, inaweza kuwa kuichoma halafu chakula hakipo. Maji yameingia jikoni, kuni zimelowa, mkaa umelowa, uji umechelewa mpaka saa nne na nyie sindano mmechoma saa moja kama kawaida. Mzee anaanza kutoka jasho, anatetemeka, anaongea maneno hayaeleweki, na mzee wa kiharusi unaweza kudhani ndio kawaida yake. Kwaiyo sheria ya kwetu ni kwamba chakula kionekane kwa macho kwanza, sukari ipimwe, ndipo sindano. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) hachomwi, anakalishwa wima vizuri maana kumeza kwake sio kuzuri, anapewa maji yenye sukari vijiko vitatu vya chai taratibu taratibu, dakika 15 anapimwa tena. Akiwa hajitambui usimtie kitu chochote mdomoni, hapo ni kumkimbiza hospitali kwa njia yoyote.

Sasa zoezi la kumtoa. Hapa ndo niliwavulia kofia. Walikuja wawili jioni, wakatuambia zimeni taa zote, maji yameingia, mtoeni baba mpaka kwa jirani. Baba mwenyewe ameshaelezwa na amekubali, alikuwa anacheka. Mdogo wangu kwa nguvu zake akataka kumbeba mgongoni, mama nesi akamzuia, mkono uliopooza ukivutwa bega linachomoka. Tukafundishwa shuka nene, unamgeuzia ubavu, unalikunja nusu shuka chini yake, unamgeuza upande wa pili unalivuta, watu wanne kila mmoja ameshika pembe amelizungusha kwenye ngumi, mnahesabu mnainua pamoja. Tumefika mlangoni mmoja akaukanyaga mfuko wa mkojo. Mama nesi akasema simameni hapohapo, mnaona, hapo mpira ungechomoka na lile puto linaloushikilia ndani ya kibofu na damu ingemwagika. Mfuko unatolewa mkojo kwanza, unafungwa kwenye paja lake, unakaa chini ya kibofu muda wote, haulazwi juu ya tumbo mkojo ukarudi. Tukarudia. Tukarudia tena na mlango wa uani, maana huo wa mbele unaweza kuzibwa na mti. Mwisho mjomba akasema basi sasa hata usingizini tunamtoa, na baba akasema kwa taratibu yake kwamba mdogo wangu anapiga hatua ndefu sana, apunguze. Ikaandikwa kwenye karatasi, mshika miguu apunguze mwendo.

Jirani yetu mtaa wa pili mama yake ni wa mashine ya oksijeni, yuko na hawahawa. Huyo ndie kundi la kwanza kweli, na umeme wetu wa kusini wenyewe mnajua historia yake ya kukatika. Ile mashine ya lita 5 inakula kama wati 300 na zaidi kidogo, vile visola vya taa na chaji ya simu haviwezi kuisukuma, ni jenereta au mtungi wa oksijeni wa akiba. Walimkalisha wakapiga nae hesabu ya mtungi, ambayo kumbe ni rahisi: lita zilizomo gawanya kwa spidi anayotumia mgonjwa. Mtungi wenye lita 1,500 kwa spidi ya lita 2 kwa dakika ni dakika 750, yaani masaa kumi na mbili na nusu, na hiyo sio ya kungojea iishe, ikifika nusu umeme haujarudi mgonjwa anaanza safari ya hospitali kungali mchana. Wakamwambia pia kitu ambacho huku kwetu ni muhimu sana, umeme ukikata watu wanawasha mishumaa na vibatari na jiko la mkaa linaingizwa ndani kwasababu ya mvua, chumba chenye oksijeni hakiwekwi moto wa aina yoyote, ni tochi tu. Na jenereta likae nje mbali na dirisha, moshi wake unaua watu wamelala.

Nilichopenda zaidi ni suala la orodha. Sheria ya usimamizi wa maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa, wilaya, kata mpaka kijiji, lakini kamati haiwezi kujua nyumba ya tatu kushoto kuna mzee hawezi kutembea kama hakuna aliyeisema. Hawa wanapeleka kwa mwenyekiti wa mtaa majina ya wagonjwa wasioweza kujitoa wenyewe, nyumba ilipo na watu wangapi wanahitajika kumbeba, bila kutaja ugonjwa. Na hawapeleki mpaka mgonjwa aridhie. Kaka yangu alisema andika tu mama sisi ndio wenye mzee. Mama nesi akamgeukia baba, "Kaka, unaridhia jina lako likae kwa mwenyekiti?" Baba akakaa kimya muda mrefu, sote tumemsubiri, akasema naridhia, lakini asiandike mlemavu, aandike hawezi kutembea. Ikaandikwa hivyohivyo. Jamani tangu augue watu walikuwa wanaongea juu ya kichwa chake kama hayupo.

Nikajaribu kusoma wenzetu wanafanyaje. Marekani baada ya kimbunga Katrina cha 2005, wagonjwa na wazee walikwama majumbani na kwenye nyumba za kulelea, ilichukua miaka lakini mwaka 2016 serikali ikatoa kanuni na kuanzia Novemba 2017 zikaanza kukaziwa, kwamba huduma ya uuguzi wa nyumbani inayolipwa na Medicare au Medicaid, yaani bima za afya za serikali yao, lazima iwe na mpango wa maafa, kila mgonjwa awe na mpango wake mwenyewe, mamlaka zijulishwe nani anahitaji kuhamishwa, wafanyakazi wafundishwe na mpango ujaribiwe kwa mazoezi. Nilivyosoma nikaona ndio yaleyale mama mstaafu wa Mtwara anayafanya na daftari la kaunta na kalamu ya bluu. Natamani na kwetu iwe sharti la kupata kibali, isitegemee utu wa mtu.

Je imefanya kazi? Ndio, msimu uliopita. TMA walitoa angalizo la mvua kubwa, na kabla hata haijaanza meseji imeingia, kesho tunakuja kubadilisha mpira wa baba mapema, ulikuwa bado siku chache lakini hatutaki ukutane na mvua. Wakaja, wakabadilisha, wakahesabu begi, wakaangalia kichupa cha insulini. Mvua ilivyopiga usiku kucha na kesho yake njia ya kwetu bajaji haipiti, umeme hakuna, sisi tulikuwa na kila kitu. Asubuhi mapema nikapokea simu, sukari ngapi, mkojo umetoka kiasi gani, rangi gani, mmemgeuza saa ngapi, amekula nini. Nikajibu, akasema vizuri mwanangu, saa kumi nitapiga tena, na saa kumi akapiga. Baba hakuvuka saa ya sindano hata moja na mgongo wake ulibaki mzima. Hakuna shujaa aliyevuka mto na boti, na ndivyo ninavyotaka iwe.

Mapungufu wanayo na nimewaambia usoni kwaiyo siwasengenyi. Namba ya dharura ni moja na ni simu ya mtu mmoja, siku moja jioni nilipiga ikawa haipatikani, alikuwa msibani Newala huko kwenye milima, sasa hiyo kwa watu wanaosifika kwa kujipanga haikubaliki, iwepo namba ya pili na ya mtandao mwingine. Usafiri wa kwao hawana, wanategemea bajaji na bodaboda, wakati wa mvua ndio hivyo. Mtungi wa oksijeni wa kuazimisha wanao mmoja tu na wagonjwa wa oksijeni sio mmoja, kimbunga kikija wote watauhitaji usiku uleule, hapo mpango una tundu. Karatasi ya mgonjwa ya kwanza waliyotuletea nusu ilikuwa kwa mwandiko na vifupisho vya hospitali, mdogo wangu hakuweza kuisoma, ikabidi tuombe iandikwe upya kwa Kiswahili cha kawaida, wakafanya bila kununa. Na hawakuuliza kuhusu mimi. Nani atashika kama mimi nikianguka homa wiki hiyohiyo ya mafuriko? Nililiuliza mwenyewe, tukamuongeza binti wa shangazi akaja kufundishwa, lakini hilo lilitakiwa litoke kwao. Mwenye mgonjwa nae ni sehemu ya mpango.

Bei: kuja mara moja kwetu ni 25,000, nje ya mji wanaongeza nauli, na tathmini ile ya kwanza ya nyumba na zoezi la kumtoa mgonjwa wanachaji pembeni. Wapo wanaolalamika kwanini zoezi lilipiwe. Mimi nalipa, ila nimewashauri waliweke ndani ya bei ya mwezi wa kwanza, kwasababu likiwa la hiari mwenye hela kidogo analiruka na huyo ndie anaekaa bondeni.

Wenye wagonjwa Lindi mjini, Kilwa, Mikindani, hata kama hamtawatumia hawa, huyo nesi mlienae muulizeni kesho akija: mgonjwa wangu yuko kundi gani, usipofika siku tatu nifanye nini, tangazo la TMA likitoka unabadilisha nini kwenye ratiba, na nani mwingine ana namba yako. Akianza kukuambia Mungu ni mwema tutaona, Mungu ni mwema kweli, ila tafuta nesi mwingine.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata wakiweka namba ya pili na mtungi wa pili wa oksijeni, na huo mtungi kama kuna watu wanataka tuchangishane tuununue ukae kwao kabla ya mwezi wa kumi na moja mvua hazijaanza, mimi wa kwanza.